Mama Pacha Atafuta Shule ya Sindano

Simu ya Mama Pacha ilianza kulia kabla chai haijachemka. Aliitazama, akasonya.

"Ni wao tena?" mumewe aliuliza. Alikuwa amekaa sakafuni, anashona kitambaa cha kochi la mteja.

"Wao tena."

"Waambie umehamia mwezini."

"Watanifuata huko huko."

Mama Pacha alikuwa mchuaji. Alifanya kazi katika kituo cha mazoezi ya viungo, akichua migongo, mabega na magoti ya watu. Mikono yake ilisifika. Lakini kwa muda mrefu alitamani kujifunza tiba ya Kichina ya sindano. Ni tiba ya kuchoma sindano nyembamba sana mwilini ili kupunguza maumivu. Wateja wake waliiulizia kila mara. Basi akavipigia simu vyuo viwili vitatu kuuliza habari za mafunzo. Tangu siku hiyo hakupata amani.

Simu ikalia tena. Akapokea.

"Dada mpendwa," sauti ilisema, "nafasi zimebaki chache sana!"

"Mwezi uliopita pia zilikuwa zimebaki chache."

"Sasa zimepungua zaidi, dada. Utasoma kwa video, humo humo kwenye simu yako."

"Na kudunga? Nitajifunza kwa kumdunga nani, simu?"

"Unaweza kutumia mto, dada."

Mama Pacha alikata simu. Mumewe alicheka mpaka sindano ikamponyoka.

"Mto! Basi mimi ni daktari bingwa. Nimedunga mito tangu ujana wangu."

"Usinichekeshe. Nimechoka. Huyu anasema wiki mbili, yule anasema miaka mitatu. Huyu anafundisha kwa video, yule anafundisha sindano, mitishamba na kusoma ulimi, vyote kwa mpigo. Nitamwamini nani?"

"Muulize mdogo wako," mumewe alisema. "Si yeye anajua kila kitu?"

Mdogo wake Mama Pacha alikuwa kijana mwenye familia yake, lakini kila mtu alimwita Mjuaji. Alikujibu kabla hujamaliza kuuliza. Mjuaji alikuwa amekwisha kusoma tiba ya sindano. Alikwenda mafunzoni Ijumaa, akarudi Jumapili na koti jeupe, boksi la sindano na cheti chenye muhuri wa dhahabu.

"Dada, unangoja nini?" alimwambia kila walipokutana. "Ukizubaa utapitwa. Cheti changu ni cha kimataifa."

"Umejifunza nini kwa siku hizo chache?"

"Mambo yote."

"Mwili wa binadamu una mambo mengi, mdogo wangu."

"Ndiyo hayo hayo. Yote."

Mama Pacha alimcheka. Lakini moyoni alianza kuyumba. Alijiambia, labda mimi ndiye ninayejichelewesha.

Shangazi yao alikuwa akiishi nyumbani kwa Mama Pacha. Ndiye aliyewalea wote wawili baada ya mama yao kufariki. Bega lake la kulia lilikuwa likimsumbua. Alasiri moja Mama Pacha alirudi kazini akamkuta amekaa kitandani, ameinama mbele, anahema kama mtu aliyekimbia. Mjuaji alikuwa amesimama kando yake na koti lake jeupe, jasho linamtoka.

"Umemfanya nini?"

"Kidogo tu, dada. Nimemdunga begani, pale pale nilipofundishwa."

"Mbona anahema hivi?"

"Ni nishati inatembea. Mwalimu alisema inaweza kutokea."

"Nishati gani wewe! Mtu anakosa hewa! Shangazi, unaumwa wapi?"

"Kifua," Shangazi alisema kwa shida. "Kinachoma."

Mama Pacha hakungoja maelezo zaidi. Alimwita mumewe. Wakamshika Shangazi huku na huku, wakampakia kwenye teksi mpaka hospitali. Mjuaji alifuata nyuma.

Daktari alimpiga Shangazi picha ya kifua. Kisha akatoka kuwaona.

"Nani alimdunga?"

Mjuaji aliinua mkono, kama mtoto wa shule.

"Sindano imeingia ndani mno. Imetoboa pafu. Hewa imevuja, imejaa kifuani, na inalibana pafu lisifanye kazi. Mngechelewa, tungekuwa tunazungumza mengine."

Mjuaji alikaa chini pale pale kwenye korido, akafunika uso.

Shangazi aliwekewa mrija kifuani wa kutoa ile hewa. Akalazwa mpaka pafu likakaa sawa. Siku alipoweza kuongea vizuri, neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Na bega bado linauma."

Mama Pacha alicheka huku machozi yanamtoka. Kisha akamwambia daktari, "Mimi na sindano basi. Sitaki hata kuzisikia."

"Usikasirikie sindano," daktari alisema. "Kasirikia mkono usiojua kilicho chini ya ngozi. Hapa hospitalini tuna mtaalamu wa sindano, kwenye chumba cha maumivu. Mwone kabla hujakata tamaa."

Chumba cha maumivu kilikuwa na vitanda vitatu, mapazia, sinki la kunawia na kopo gumu la kutupia sindano zilizotumika. Mtaalamu alikuwa mama mnene, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Mama Pacha alimsimulia yote. Yule mama alisikiliza huku anatikisa kichwa.

"Nimechoka nao!" alisema. "Kila mara naletewa mtu aliyeharibiwa na mwanafunzi wa Ijumaa hadi Jumapili. Hebu njoo." Aliweka kidole juu ya bega la Mama Pacha, karibu na shingo. "Huu ni mfupa wa mtulinga. Pafu linapanda mpaka juu yake kidogo. Ulijua?"

"Hapana. Na nimechua mabega miaka yote hii."

"Kuchua hakutoboi. Sindano inatoboa. Ndiyo maana anayedunga lazima ausome mwili kwanza. Sasa, unataka kusoma kweli?"

"Nilitaka. Lakini vyuo vimenivuruga. Kila kimoja kinajisifu. Kingine kinasema cheti chake ni cha kimataifa."

"Kimataifa!" Mtaalamu alishusha miwani. "Mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna taifa hata moja linalokitambua. Sikiliza, mama. Usianze na chuo. Anza na baraza la serikali linalosajili watoa tiba. Waulize: nikimaliza chuo fulani, mtanisajili? Mtaniruhusu kufanya kazi? Wakisema hapana, cheti hicho katundike chooni."

"Wakisema ndiyo?"

"Basi nenda chuoni kwa miguu yako. Usitosheke na simu. Angalia wanafunzi wanajifunzia wapi. Kuna vitanda? Kuna sinki? Kuna wagonjwa wa kweli, na mwalimu anasimama kando ya mwanafunzi anapodunga? Uliza kama sindano moja hutumika kwa mtu mmoja, mara moja tu, kisha hutupwa. Sindano iliyorudiwa inaambukiza homa ya ini, inaambukiza virusi vya ukimwi. Halafu tafuta waliomaliza pale. Wanafanya kazi wapi? Wao watakwambia ukweli."

"Na mitishamba ya Kichina? Kuna chuo kinafundisha vyote pamoja."

"Vyote pamoja kwa muda gani?"

"Wiki mbili."

Mtaalamu alifumba macho kidogo, kama mtu anayeomba subira. "Mitishamba ni somo zito peke yake. Ipo inayogombana na dawa za hospitali. Ipo inayodhuru ini na figo. Ipo asiyopaswa kupewa mjamzito. Ukiitaka, utaongeza muda wa kusoma. Usiipate kama nyongeza sokoni."

"Na wewe unaamini sindano zinaponya?"

"Zinawasaidia baadhi ya watu kwa baadhi ya maumivu. Zinaenda pamoja na mazoezi na matibabu mengine. Mwalimu akikwambia zinaponya kila kitu, chukua mkoba wako utoke."

Mama Pacha aliufuata ushauri ule hatua kwa hatua. Baraza lilimwambia kwamba chuo cha Mjuaji hakijulikani kabisa. Yule wa mto pia hajulikani. Mjuaji naye alikipigia chuo chake simu kulalamika. Simu haikupokelewa tena.

Chuo kingine kilimwambia Mama Pacha kwamba kimesajiliwa. Akakitembelea. Kilikuwa na bango kubwa na viti vizuri, lakini hakikuwa na kitanda wala bomba la maji.

"Wanafunzi wanafanyia wapi mazoezi ya kudunga?" aliuliza.

"Majumbani kwao, dada. Wana ndugu wengi."

"Najua," alisema Mama Pacha. "Mmoja wa ndugu hao ni shangazi yangu." Akatoka, mlango ukajibamiza nyuma yake. Alipoliuliza baraza, aliambiwa usajili wa chuo hicho ulikuwa wa biashara tu. Haukuwa wa kufundisha tiba.

Chuo cha mwisho kilikuwa kwenye jengo la kawaida. Baraza lilikitambua. Kulikuwa na vitanda, wagonjwa na walimu wakali. Mwalimu mkuu alimwambia, "Hutagusa sindano mpaka ufaulu somo la mwili. Mafunzo yote ni miaka mitatu. Ukitaka mitishamba, unaongeza."

Mama Pacha alirudi nyumbani amenuna.

"Miaka mitatu!" alimwambia mumewe. "Pacha wetu watakuwa wamenipita urefu!"

"Watakupita hata usiposoma," mumewe alijibu. "Wewe mfupi."

Alijiandikisha. Akasoma jioni, akafanya kazi mchana. Akaacha mitishamba, akachagua sindano peke yake. Usiku mumewe alilala kifudifudi huku mke wake anamchora mgongo kwa kalamu, anataja mifupa na mishipa kwa sauti. Akikosea, alifuta akaanza upya.

"Mama Pacha, mimi ni mumeo, si ubao wa shule."

"Tulia. Umenipotezea ubavu wa nane."

Mjuaji aliachana na koti jeupe, akarudi kwenye kazi yake ya kutengeneza redio. Alimwomba Shangazi radhi. Shangazi alimsamehe, ila Mjuaji akilikaribia bega lake, alihama kiti.

Mwaka wa tatu, Mama Pacha alianza kuhudumia wagonjwa pale chuoni, chini ya macho ya mwalimu wake. Siku moja aliingia mpakia mizigo mwenye mgongo uliokakamaa.

"Nidunge haraka," alisema. "Nimeacha lori linaningoja."

Mama Pacha hakufungua sindano. Alimuuliza maswali.

"Miguu inakufa ganzi?"

"Kidogo. Tangu jana."

"Na mkojo?"

Yule bwana aliangalia ukutani. "Unatoka wenyewe. Lakini sikuja kwa hilo."

Mama Pacha alimwita mwalimu. Walizungumza kidogo, wakakubaliana.

"Sikudungi," alimwambia mgonjwa. "Hizi ni dalili za mishipa ya fahamu kubanwa kwenye uti wa mgongo. Unakwenda hospitali sasa hivi. Siyo kesho."

"Nimekuja kudungwa, hunidungi! Mnafundishwa nini humu?"

"Hicho hicho. Kujua nani wa kudunga, na nani wa kumwacha."

Alimtafutia gari, akampigia daktari simu, akahakikisha ameondoka. Bwana yule alilalamika mpaka getini. Jioni hiyo hiyo alifanyiwa upasuaji. Daktari alisema angengoja zaidi, huenda asingetembea tena.

Wiki kadhaa baadaye mlango wa chumba cha wagonjwa pale chuoni ulifunguliwa. Mpakia mizigo aliingia kwa miguu yake miwili, polepole, mkono kiunoni. Daktari alikuwa amemruhusu kutibiwa maumivu yaliyobaki. Alipanda kitandani, akavua shati, akamkazia Mama Pacha macho.

"Haya," alisema. "Leo utanidunga, au kuna mahali pengine unataka kunituma?"

Mama Pacha alinawa mikono, akakausha, akachana pakiti mpya ya sindano.

"Lala," alisema. "Na uache kelele."