Vidonge Vilivyokatazwa

"Sungura wamenipa talaka," Kinyozi alisema, akamrushia mchumba wake simu.

Binti akaidaka. Alikuwa bado na mabuti ya kazini, ananuka majani makavu na dawa ya kusafishia vizimba. Kazi yake ni kulisha sungura wa maabara ya utafiti. Mtaani wamembatiza Mama Sungura. Kinyozi mwenyewe alikaa kwenye kiti cha wateja, maana siku hizi akisimama amalize kichwa kimoja, anaona nyota mchana. Figo zimemgomea.

Ujumbe wa daktari ulisema: "Pole ndugu. Jaribio la dawa mpya ya figo ulilojiandikisha limesitishwa kabla hatujawapa wagonjwa. Dawa imeharibu figo za sungura."

"Haiwezekani! Walikuwa wanaendelea vizuri."

"Wivu huo. Wamesikia nakuoa."

"Usitanie, baba."

"Nisitanie, nilie? Wateja wenyewe wachache, nikilia nawamaliza."

Mama Sungura hakucheka. Akaketi taratibu kwenye benchi. Kinyozi, mtu anayetazama nyuso kwenye kioo kutwa nzima, akauona uso ule.

"Sema."

"Tangu wapasuliwe kwa ajili ya utafiti walikuwa wanasaga meno. Sungura akiumwa hapigi kelele. Anageukia ukutani, anasaga meno. Kama wewe ukitoka kusafishwa damu."

"Enhe?"

"Dawa ya maumivu wanapewa kwa kipimo, haifiki jioni. Nikawa nawaongezea kwenye maji, kimyakimya."

"Umewaongezea nini?"

"Vile vidonge vyako. Ulivyokatazwa."

"Mwenzangu, unajua nilikatazwa kwa nini?"

"Si kwa sababu unaumwa figo?"

"Kwa sababu ndivyo vilivyoniua figo! Mgongo ukiuma nameza, nasimama tena. Nilikuwa natafuna kama karanga!"

Feni ya ukutani ikaendelea kuzunguka peke yake, haina habari.

"Uliniambia nivitupe tu," binti alisema. "Hukusema hivyo."

"Niliona aibu."

"Kwa hiyo dawa haina kosa. Ni mimi."

"Uliwaonea huruma wao. Mimi uliniweka wapi?"

"Niliwaona ni wewe! Wewe uliulizwa, ukatia sahihi. Wao nani aliwauliza?"

"Hakuna. Na mtu akiniuliza, wao au mimi, nitasema mimi. Mchana kweupe, mbele ya mama yangu. Niite mbaya."

"Siwezi kukuita mbaya."

"Basi mpigie daktari. Mwambie ukweli."

"Nitafukuzwa."

"Piga, mpenzi. Kuna wengine wanaisubiri hiyo dawa."

Akapiga, akaweka sauti ya nje, akaeleza yote bila kujitetea. Daktari hakufoka. Afadhali angefoka.

"Majibu yote hayafai tena," alisema. "Hao itabidi tuwaue, tulete wengine, tuanze upya."

"Wengine? Na wao wapasuliwe?"

"Na wao. Ulitaka kuwapunguzia maumivu, dada. Umeyaongeza."

"Na wagonjwa?"

"Mwakani, tukijaliwa."

Simu ikakatwa. Mwakani! Kinyozi akajitazama kwenye kioo, mashavu yamevimba kama ametoka kwenye ngumi.

"Nisamehe," binti alisema.

"Nimeshakusamehe. Ndilo balaa lenyewe. Ningekuwa na hasira ningepata nguvu kidogo."

Akamvuta mkono.

"Tuoane Jumamosi hii."

"Jumamosi hii? Watu watasema nina mimba."

"Waache waseme. Angalau kwenye nyumba yetu watakuwa wametaja kitu kinachoanza, si kinachokwisha."

Mama Sungura akacheka, kicheko kikamkwama katikati, kikageuka kwikwi. Simu ikatetemeka mapajani mwake. Daktari tena, kwa maandishi:

"Kazi yako imekwisha. Ila kesho asubuhi njoo mara ya mwisho. Wamekuzoea wewe. Ukiwashika wewe hawatahangaika."

Akamwonyesha. Kinyozi akasoma taratibu, midomo ikicheza.

"Utaenda?"

"Nikienda, watanikimbilia wakidhani nimeleta chakula. Nisipoenda, watashikwa na mtu wasiyemjua, wafe wanatetemeka."

 Kinyozi akalaza kichwa tumboni mwa mchumba wake.

"Nenda," alisema. "Washike vizuri, mpaka mwisho. Kisha urudi, unishike na mimi."