Siri Niliyouambia Mche

Msimu wa karafuu, sisi wasichana wa kijiji cha Vitongoji tukitoka chuoni kusoma Kurani hukusanyika barazani kwa jirani yetu, Mwalimu Ruweida, kumsaidia kuchambua karafuu. Mikono hutoa vikonyo, midomo husema watu. Mimi daima nilikaa na Safaa. Tulikuwa chanda na pete.

Shuleni Mwalimu Ruweida ndiye mshauri wetu. Alitufundisha mchezo wa mtandaoni: unapanda mche wa mkoko, nao hukuuliza, "Leo moyo wako vipi?" Ukijibu kweli, mche huchipua jani. Kwetu hakuna simu ya kuingia mtandaoni, kwa hiyo nilitumia ya kina Safaa, na neno langu la siri alilijua. Nikauambia mche nisilomwambia hata mama. Tangu baba ahamie Unguja kwa mke mwengine, mimi msichana wa darasa la sita nakojoa kitandani.

Juzi nilichelewa kufika barazani. Nikakuta kicheko.

"Kikojozi huyo kaja," alisema Ummkulthum.

Nilimtazama Safaa. Akainamia karafuu zake. Basi nikajua. Nilirudi nyumbani nalia, nikaapa sitamwambia tena mtu yeyote la moyoni, wala huo mche.

Mwalimu Ruweida alinifuata, kamshika Safaa mkono.

"Nusaiba, nilidhani ni mchezo tu," alisema Safaa. "Siri yenyewe hukuniambia mimi."

"Sikukwambia, na bado ukasoma," nilimjibu. "Rafiki gani wewe?"

Mwalimu akamuuliza, "Safaa, kuku wa jirani akitaga uani kwenu, yai la nani?"

"La jirani."

"Na siri ya mwenzio ni hivyo hivyo. Ni amana, hata kama hukukabidhiwa. Ulipoimwaga ndipo utakapoomba radhi."

Tukarudi barazani. Safaa alisimama mbele ya wote. "Nimemsaliti Nusaiba. Nimesoma yasiyonihusu, nikayatangaza. Naomba radhi." Hakuna aliyecheka. Ummkulthum naye akaniomba radhi.

Wenzetu walipoondoka, Mwalimu alinikalisha karibu. "Huzuni ikikosa pa kutokea, huingia mwilini. Hilo lina tiba, si aibu. Mwambie mama, twende sote kwa daktari. Safaa msamehe leo. Kumwamini, kuache kuchipue taratibu."

Nimemsamehe. Neno jipya la siri simwambii.

Jana nilitumia simu ya Mwalimu. Mche ukaniuliza moyo wangu vipi. Nikaandika: "Bado unauma. Lakini mama anajua."