Waziri wa Taulo Aingia Majini

Fundi Saa aliishi na saa thelathini na mbili, na hakuna hata moja iliyowahi kumwuliza ameamkaje.

Zilikuwa saa za watu. Nyingi zilikuwa zimeshapona, ila wenyewe hawakurudi kuzichukua. Fundi alizitundika kwenye kuta za chumba cha mbele, ambacho kilikuwa karakana yake. Chumba cha nyuma kilikuwa cha kulala. Katikati palikuwa na pazia, na hadi mwaka jana palikuwa pia na mke.

Mke aliugua kwa muda mfupi, akafariki. Watu walikuja, wakalia, wakaosha vyombo, wakaondoka. Nyumba ikabaki na sauti moja, tik tik tik, kama kundi la wadudu lenye nidhamu.

Asubuhi Fundi alikunywa chai, akabana jichoni kioo chake cha kukuzia vitu vidogo, akakaa mezani. Mchana alikula mkate. Jioni aliisimulia saa kubwa ya ukutani habari za siku nzima. Saa haikumjibu. Lakini haikumkatiza pia, na kwa umri wake aliona hiyo ni adabu.

Siku ya kutoka ilikuwa moja tu, Jumamosi. Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumamosi mke wake alikwenda kuogelea katika bwawa la umma, mtaa wa pili. Fundi alimsindikiza, akakaa kwenye benchi, akamshikia taulo. Taulo lenyewe lilikuwa la kijani. Kazi hiyo aliifanya kwa uaminifu mkubwa. Hakuwahi kulisahau taulo, na hakuwahi kulowanisha hata kidole. Wafanyakazi wa bwawa wakampa cheo: Waziri wa Taulo.

Mke alipofariki, Waziri hakujiuzulu. Jumamosi ilipofika alikwenda na taulo, akakaa kwenye benchi lake, akatazama maji. Hakuna aliyetoka majini kuja kulichukua. Akalikunja, akarudi nalo nyumbani likiwa kavu.

Aliendelea hivyo kwa miezi saba.

Jumapili moja simu ililia. Alikuwa mjukuu wake wa miaka saba, anayeishi na mama yake mji wa mbali. Walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake ulikuwa haupumziki hata akiwa na chakula ndani.

"Babu, bibi aliniahidi kitu."

"Kitu gani, mjukuu wangu?"

"Nikija likizo ataniingiza kwenye bwawa, anifundishe kuelea. Sasa nani atanishika?"

Saa zote thelathini na mbili zilisikika.

"Mimi," alisema.

"Kwani unajua kuogelea?"

"Najua."

"Mama anasema wewe huwa unashika taulo."

"Nilikuwa napumzika."

"Miaka yote hiyo?"

Uongo wenyewe ulikuwa neno moja tu, lakini kina chake kilikuwa mita tatu. Fundi aliweka simu chini, akatazama kalenda. Likizo ilikuwa imebaki miezi minne. Ahadi ilikuwa ya marehemu, na mtoto alikuwa anaingoja.

Fundi hakumwambia mtu yeyote. Hakuwa na mtu wa kumwambia. Akaamua kujifunza peke yake, kwa njia ya kisayansi.

Alifikiri hivi: ndani ya maji hakuna hewa, kwa hiyo muogeleaji hodari ni yule anayeweza kubana pumzi. Akachukua beseni la kufulia, akalijaza maji, akaliweka juu ya meza ya kazi. Pembeni aliweka saa yenye mshale wa sekunde. Akavuta hewa, akazamisha uso, akabana.

Siku ya kwanza alifikisha sekunde kumi na nane. Baada ya wiki mbili alifikisha arobaini na sita. Mteja mmoja aliingia akamkuta fundi wake ameinamia beseni bila kutikisika. Mteja akaweka saa yake kaunta taratibu, akatoka kinyumenyume.

Fundi aliridhika kwamba amekuwa muogeleaji.

Alichagua Jumatano mchana, ili asionekane. Alivaa kaptura ya ujana wake, iliyomkumbuka vizuri kiunoni lakini haikumsamehe. Bwawa lilikuwa tupu. Mwokoaji, ambaye pia ndiye mwalimu wa kuogelea, alikuwa upande wa pili akipanga kamba. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye filimbi shingoni, na watu walimwita Filimbi.

Fundi alishuka ngazi upande wa kina kifupi. Akavuta hewa, akabana, akajilaza juu ya maji.

Mwili wake ulikakamaa kama ubao, ila ubao huelea. Miguu ilizama. Kifua kikawaka moto. Akataka hewa, akafungua mdomo, akapata maji. Akaanza kurusha mikono, na kadiri alivyoirusha ndivyo alivyozidi kumeza. Alisikia filimbi, halafu miguu ya mtu anayekimbia, halafu sauti tulivu juu ya kichwa chake.

"Mzee, simama."

Fundi aliendelea kufa.

"Mzee. Weka miguu chini. Simama."

Fundi aliweka miguu chini. Akasimama. Maji yalimfika kiunoni.

Filimbi alikuwa amepiga magoti ukingoni, amemnyooshea fimbo ndefu. Hakucheka, na kwa mtu aliyeona kilichotokea hiyo ni huruma kubwa. "Shika hii, utoke upumzike," alisema. "Na siku nyingine usiingie kabla ya kuniambia. Hata muogeleaji mzuri haingii peke yake."

Fundi alitoka, akavaa, akaondoka bila kuaga. Wiki hiyo hakwenda Jumamosi. Wala iliyofuata. Taulo lilibaki msumarini nyuma ya mlango, na Fundi alianza kuzungumza nalo pia. Hiyo haikuwa dalili nzuri.

Wiki ya tatu Filimbi alikuja karakana. Mkononi alikuwa na saa yake ya kupimia waogeleaji.

"Imegoma, mzee," alisema.

"Kaa hapo, mwanangu."

Fundi hakumtazama usoni. Alibana kioo jichoni, akafungua kifuniko cha nyuma. Ndani mlikuwa na skrubu ndogo kama chembe ya mchanga. Aliishika kwa kibanio, akaiinua polepole. Filimbi alisogea karibu. Alikuwa anamtazama mdomoni.

"Mzee," alisema baada ya muda, "mbona umeacha kupumua?"

Fundi aliweka skrubu kwenye kisahani, ndipo akajibu. "Nikipumua inaruka. Nikiitafuta sakafuni ni nusu siku."

"Umefanya hivyo miaka mingapi?"

"Thelathini na nane."

"Basi nimeujua ugonjwa wako," alisema Filimbi. "Umekwenda bwawani kutengeneza saa."

Fundi alimweleza kuhusu mjukuu, uongo aliomwambia, na beseni. Alimweleza na sekunde arobaini na sita, kwa sababu bado alijivunia kidogo.

Filimbi alitikisa kichwa. "Umejifundisha jambo lenyewe linalomzamisha mtu. Ukibana pumzi, mwili unakakamaa. Hewa chafu inajaa ndani, moyo unakwenda mbio, unataka kuvuta hewa palepale. Na hapo ulipo kuna maji. Kuogelea ni kupumua, mzee. Uso ukiwa ndani ya maji, unatoa pumzi pole pole, kwa pua na mdomo. Uso ukitoka, unavuta. Basi. Mikono na miguu tutaitafuta baadaye."

"Na kukaa chini ya maji muda mrefu?"

"Usishindane na saa. Wapo wanaojipima hivyo mpaka wanazimia humo humo majini. Leta hilo beseni."

Beseni likaletwa. Fundi alizamisha uso.

"Toa mapovu," alisema Filimbi. "Ukishindwa, imba puani. Mmmm. Anayeimba hawezi kubana pumzi."

Maji yalichemka. Fundi aliinua uso, ndevu zikitiririka.

"Mimi nimeshachelewa," alisema. "Mke wangu alizaliwa anajua."

"Nani kakwambia?"

"Nilimwona."

Filimbi aliufuta mkono wake uliorushiwa maji. "Mzee, mkeo alilia mwezi mzima. Alikuwa anashika ukingo, anatetemeka. Siku ya kwanza alipoelea alinyanyua mkono kukupungia."

"Mimi nilikuwepo."

"Ulikuwepo. Ulikuwa unasoma gazeti."

Saa za ukutani zilijaza chumba, kama zilivyozoea. Fundi alilikumbuka gazeti, hakukumbuka hata habari moja iliyokuwamo.

"Sasa sikiliza," alisema Filimbi kwa upole. "Huyo mtoto mwambie ukweli. Majini, mtu asiyejua anayejifanya anajua ni hatari kuliko asiyejua."

Jioni hiyo Fundi alipiga simu mwenyewe.

"Babu hajui kuogelea," alisema. "Anajifunza."

Chiriku alinyamaza kwa sekunde nne kamili. Katika ukoo huo jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

"Basi utanifundisha kile utakachokuwa umeshajua," alisema. "Hata kikiwa kidogo. Sasa babu, unajua mwalimu wetu ana jino la..." Na mazungumzo yakaendelea kwa nusu saa.

Mazoezi yakaanza: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, nusu saa kila mara. Filimbi alisema nusu saa mara tatu kwa wiki ni bora kuliko kutwa nzima mara moja kwa mwezi.

Juma la kwanza Fundi alishika ukingo na kutoa mapovu, na kujifunza kusimama. Somo la kusimama alipewa mara nyingi, kwa heshima ya historia yake. Kunja magoti, sukuma maji chini kwa mikono, weka miguu sakafuni. Anayejua kusimama hana sababu ya kuhangaika.

Baadaye akajifunza kuelea chali. "Masikio ndani ya maji," alisema Filimbi, mkono wake ukiwa chini ya mgongo wa Fundi. "Tazama juu. Kitovu juu. Pumua kama uko kitandani. Shingo yako imekaza, nani unamwogopa huko juu?"

"Hakuna mtu."

"Basi ilegeze. Nitakwambia kabla ya kutoa mkono. Sitakudanganya." Halafu akasema, "Natoa sasa," akatoa.

Masikio yakiwa ndani ya maji, Fundi hakusikia saa wala watu wala viatu. Alisikia pumzi yake tu. Kwa miaka thelathini na nane alikuwa hajaisikia.

Mambo hayakunyooka. Alhamisi moja alimeza maji, akakohoa mpaka machozi. Wiki nzima ya mwezi wa pili wa mazoezi woga ulirudi bila taarifa, akabaki ukingoni kama konokono. "Woga si kosa," alisema Filimbi. "Leo rudi kwenye mapovu. Kesho kutwa tuendelee."

Akarudi kwenye mapovu. Kesho kutwa wakaendelea. Alipewa ubao wa kushika, akapiga miguu. Kisha ubao ukaondolewa.

Na Jumamosi moja ya mwezi wa tatu alivuka upana wote wa bwawa, kwa mwendo ambao kobe angeuita wa wastani. Uso ndani, mapovu. Uso pembeni, hewa. Mkono wake uligusa ukingo wa pili. Alisimama, akapangusa macho, na kabla hajafikiri akanyanyua mkono kupungia benchi.

Benchi lilikuwa na taulo la kijani, basi.

Mkono ulibaki juu kwa muda. Filimbi aliona yote. Alijifanya anahesabu kamba.

Likizo ikafika. Chiriku alikuja na mama yake, na tangu waliposhuka basi hadi bwawani alikuwa hajafunga mdomo. Mama huyo, binti wa Fundi, alikaa kwenye benchi na mataulo matatu. Filimbi alikaa ukingoni, filimbi shingoni, kwa sababu Fundi alikuwa amemwomba awepo.

Fundi alishuka kwanza, akasimama mahali ambapo maji yangemfika Chiriku kifuani. Akamwambia masharti: "Usiende mbali na mkono wangu. Usikimbie ukingoni. Ukiogopa, simama."

"Babu, mbona umevaa kaptura ya zamani? Babu, maji ni baridi. Babu, usiniachie."

"Nitakwambia kabla. Lala. Masikio ndani. Tazama juu. Usibane pumzi."

Sharti la mwisho halikuwa la lazima. Chiriku hakuwahi kubana pumzi tangu azaliwe. Alilala juu ya mkono wa babu yake akisimulia habari za jino la mwalimu, na kwa kuwa anayesimulia anapumua, na anayepumua hulegea, maji yalimpokea bila matatizo. Fundi alihisi uzito ukipungua kwenye kiganja, kidogo kidogo, mpaka ukabaki wa unyoya.

"Natoa mkono sasa," alisema. "Upo hapa chini, karibu."

Akautoa. Chiriku akaelea. Kwa mara ya pili katika ukoo huo, alinyamaza.

Kisha, akiwa bado chali, alinyanyua mkono mmoja mdogo, unaodondosha maji, akaupungia upande wa benchi.

Fundi aligeuka. Binti yake alikuwa ameinamia simu, mataulo yamepakatwa vizuri mapajani. Hata moja halikuwa limeanguka.

"Mwanangu," aliita Fundi. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilivuka maji. "Weka hiyo simu. Tazama."

Binti akainua uso.