Miiba ya Kisima Chetu

Kisima chetu hakina kamba wala mfuniko. Ni shimo ndani ya mchanga wa mto. Hapa kwetu, upande wa Kanyangi, mto una maji juu siku chache tu za mvua. Siku zingine zote ni mchanga mkavu, mweupe, mpana. Mgeni akiuona anatuhurumia. Hajui maji yako chini.

Kila boma lina shimo lake. Unachimba, unangoja, maji yanakuja polepole, unayateka na kibuyu. Ukimaliza unazungushia shimo matawi ya miiba, ndiyo mbuzi na punda wasiingie. Miiba ya mtu haiguswi. Mwenye kiu akipita anaita mwenye shimo, na mwenye shimo hamnyimi. Lakini kuondoa miiba bila kuita, hilo sijaona mtu wa hapa akilifanya tangu nizaliwe.

Shimo letu lilichimbwa na mama ya mume wangu. Mimi naitwa Syombua. Nimeteka maji hapo miaka arobaini na tano.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, shimo lilikauka.

Mwanangu Mutie alilichimba zaidi. Alifika kiunoni, beleshi likagonga mwamba. Nilishangaa. Zamani mwamba huo ulikuwa mbali. Mtu mzima angesimama ndani ya shimo na usimwone kichwa. Sasa mchanga wenyewe ulikuwa umeisha.

Mutanu, mke wa Mutie, akaanza kwenda kwa bomba la sokoni. Alitoka alfajiri na punda, akapanga foleni, akarudi jua likiwa katikati ya kichwa. Alikuwa na mimba ya miezi sita, na miguu ilikuwa imevimba. Siku moja aliteremsha mitungi, akakaa chini kwenye kivuli cha ghala. Aliniambia bila kunitazama kwamba ataenda kuzalia kwa mama yake, Kibwezi. Kule kuna mto, hata mboga ya sukuma inanyunyiziwa. Nilimwuliza atarudi lini.

"Mwaitu, mama, nitarudi kwa nini?" akasema. "Nikaogeshe mtoto na mchanga?"

Boma bila maji haliwezi kumwita mtu nyumbani.

Sasa nitasema ukweli, hata kama ni aibu yetu. Lori za mchanga zilipita kwa shamba letu. Ni Mutie aliyezipa njia. Alikata migunga yote ya ukingoni ndiyo zishuke mtoni, na ile miti akaichoma makaa. Akapata mabati sita ya jikoni. Mimi nami sikukataa. Nilipikia wapakiaji chai, kwa sababu ni watoto wa majirani. Niliona mabati yanang'aa nikafurahi. Mabati hayanyweki.

Nilipomwuliza Mutie kama mchanga hautaisha, alinicheka. Alisema mchanga si ng'ombe. Ukichukuliwa leo, mvua inaleta mwingine kesho. Hivyo ndivyo wote tulivyoamini. Tulidhani maji ni kitu kimoja na mchanga ni kitu kingine. Tulidhani lori likibeba mchanga, maji yatabaki pale pale yakitungoja.

Aliyetufungua macho ni Kalunde. Ni binti wa dada ya jirani yetu Kyule, yule fundi wa mawe. Kalunde hufanya kazi ya maji huko Matinyani, na alikuwa amekuja kumsalimia mjomba wake. Alinikuta jikoni nikipika isyo, mahindi na maharagwe. Nilimmwagia hasira yangu yote. Nilimwambia Mungu ametunyima mvua, sijui tumemkosea nini.

Kalunde hakubishana nami. Aliinua mfuniko wa sufuria, akaugeuza.

"Susu, bibi yangu, haya matone yametoka wapi?"

"Kwa sufuria."

"Na ni nani ameyapandisha?"

"Moto, mtoto wangu. Hilo nalo ni swali?"

Akasema basi nimeshajua nusu ya habari. Jua ni moto. Linapasha bahari, mabwawa na udongo wenye unyevu. Hata majani ya miti hutoa maji, ni vile hatuyaoni. Maji hayo hupanda kama mvuke. Huko juu kuna baridi, kama mfuniko. Mvuke unakuwa matone madogo sana, na hayo ndiyo mawingu. Matone yakiungana yakawa mazito, yanaanguka, tunasema ni mvua. Mengine yanazama ardhini, mengine yanakimbia mtoni mpaka baharini, halafu jua linayapandisha tena. Maji ni yale yale, yanazunguka tu.

Kisha akaniuliza kama mvua ilinyesha mwaka ule. Nilisema ilinyesha. Mwezi wa nne mto ulifurika mpaka ukabeba mbuzi wawili.

"Basi Mungu hakuwanyima," akasema. "Mliletewa. Mliyaweka wapi?"

Swali hilo liliniuma kama mwiba. Nilisahau kukoroga mpaka isyo ikaanza kuungua.

Kalunde aliomba ndoo mbili kuukuu. Moja aliijaza mchanga. Kila ndoo akamwagia majagi matatu ya maji, akaziweka juani bila kifuniko. Ile ya maji matupu alisema ni mto uliobaki mwamba. Ile ya mchanga ni mto wetu wa zamani. Aliniambia nisiguse chochote mpaka arudi Jumapili ya pili. Nilizungushia ndoo zote mbili miiba, kwa maana kuku wangu hawana adabu.

Mutie alipita akacheka. Akasema madam amepanda ndoo, tungoje zimee.

Jumapili ya pili, baada ya kanisa, Kalunde alirudi. Ndoo ya maji ilikuwa kavu kabisa. Chini ilibaki vumbi na nzi mmoja. Ndoo ya mchanga nayo ilikuwa kavu juu. Mutie akasema ni sare, hakuna mshindi. Kalunde akamwambia atie mkono achimbe.

Alichimba hadi kifundo cha mkono kikazama. Alitoa mkono, ukawa na mchanga mweusi wa unyevu. Alipochimba hadi chini, maji yalikusanyika polepole, vile vile yalivyokuwa yakikusanyika kisimani.

Kalunde alieleza. Kati ya punje na punje kuna nafasi, na maji hukaa humo. Jua hukausha mchanga wa juu, lakini haliwezi kuyafikia ya chini. Mchanga ndio tangi letu. Ukiutoa, mafuriko yanapita juu ya mwamba mbio, na yanayobaki kwenye vidimbwi jua linayanywa.

Mutie akasema mvua italeta mchanga mwingine. Kalunde akamjibu kwamba huletwa kidogo kidogo, misimu mingi, na lori zinamaliza kwa wiki. Tena sasa mafuriko yanaleta matope, kwa sababu migunga imekatwa. Mti unapokea mvua kwa majani, na mizizi yake inasaidia maji kuzama. Ardhi ikiwa uchi, mvua inaupiga udongo na kukimbia nao. Matope hayatoi maji kama mchanga. Yanaziba.

Mutie alitazama mabati yake, halafu akatazama chini. Nilimwambia neno moja tu. Nilimwambia bibi yake mzaa baba alichimba kile kisima na mikono, na yeye amekiuza kikabebwa na sepetu za watu wengine.

Nilikasirika wiki nzima. Mtu akikuibia mbuzi, unapiga nduru, majirani wanatoka. Sisi tuliibiwa mto mchana, na tukawapikia wezi chai.

Jumatatu iliyofuata, asubuhi, nilisikia lori likishuka barabarani. Mutie alikuwa akimalizia kumfungia punda wa Mutanu mitungi. Hakunitazama. Alikuwa amempa dereva neno lake, na aliona aibu kulivunja. Mimi nilienda kisimani, nikakokota ile miiba iliyozunguka shimo kavu. Niliipanga katikati ya njia, ukingoni, pale migunga ilipokuwa. Halafu nikasimama nyuma yake.

Dereva alikuwa Nyamai, mwanamume mnene wa maneno mengi. Alishuka akaniambia nitoe takataka.

"Si takataka," nikasema. "Ni miiba ya kisima changu."

"Mama, kisima kiko wapi hapa njiani?"

"Si umekibeba? Kipande baada ya kipande, kimepita hapa hapa. Kilichobaki hakipiti."

Aliwaambia wapakiaji waondoe miiba. Walikuwa sita juu ya lori. Hakuna aliyeshuka. Mbaluka, mkubwa wao, ambaye amekunywa chai yangu mara nyingi, alikuna kichwa akasema hiyo ni miiba ya mtu. Nyamai aliwatukana, akaishika mwenyewe kwa hasira. Mwiba uliingia kwenye kiganja, akaruka kama mbuzi aliyechanjwa. Wapakiaji walicheka, halafu wakaona haya.

Hapo Mutie akaja, akasimama kando yangu.

"Njia nilikupa mimi," akamwambia Nyamai. "Leo nimeifunga."

Nyamai alisema hajali, wengine huko juu watampa njia. Na alisema kweli, hilo ndilo lililonichoma zaidi. Basi nilipakia ndoo zangu mbili kwa punda, nikaenda boma kwa boma. Sikuhubiri. Nilisema tia mkono hapa, sasa tia hapa. Wengine waliniita mzee wa kelele. Lakini baada ya wiki tatu kila njia ya lori ilikuwa na miiba ya mwenyewe, na kina Mbaluka hawakupata pa kushukia. Kalunde naye alitupeleka kwa watu wa kaunti, kwa maana mchanga hautolewi ovyo bila kibali.

Mutanu alienda Kibwezi mwezi wa kumi. Sikumzuia. Alipoondoka, tulianza mwethya, ile kazi ya kusaidiana bila malipo. Tulikusanya mawe. Kyule alitafuta mahali mwamba umekatiza mto, chini kidogo ya kisima chetu, akajenga ukuta juu yake, kutoka ukingo hadi ukingo. Wapakiaji walibeba simiti kwa migongo, wakichekwa kwamba sasa wanalipa chai. Ukuta hauzuii maji kupita. Mafuriko yanaruka juu yake, mchanga mzito unabaki nyuma. Ukingoni tulipanda migunga tena, na kila mche nikauzungushia miiba.

Mvua ya mwezi wa kumi na moja ilijaza mchanga nusu ya ukuta. Ya mwezi wa nne iliufikisha juu. Kalunde alisema tusishangilie mapema, tungoje kiangazi kiulize maswali yake.

Mwezi wa nane mwaka jana, Mutie alichimba pale pale pa bibi yake. Alipofika gotini, maji yalikuja. Aliyangoja yatulie, akajaza chupa moja, akapanda gari kwenda Kibwezi. Sikumtuma. Alirudi baada ya siku tatu na Mutanu, na mtoto mgongoni. Ni msichana, anaitwa Kaveke. Mutanu hakuingia nyumbani kwanza. Alishuka mtoni na karai, akamwogesha mtoto wake hapo nje ya miiba, nami nikawa mtekaji.

Wiki ile ile, saa sita mchana, nilisikia mtu anaita mwenye kisima. Alikuwa Nyamai. Lori lake lilikuwa limechemka huko barabara kubwa, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. Alisimama mbali na miiba, mikono nyuma. Aliita, akangoja. Hilo nilimhesabia.

Nilifungua miiba, nikateka, nikampa kibuyu. Alikunywa viwili bila kupumua.

"Maji matamu," akasema.

"Ni ule mchanga uliokosa kuubeba."

Halafu akanyoosha mtungi aliokuja nao, akaomba ya kutia kwa lori.

Nilirudisha miiba mahali pake, mmoja mmoja, bila haraka.

"Mtu simnyimi maji," nikamwambia. "Lakini lori lako lilishakunywa mto huu. Likae lipoe."