Akiba ya Bibi Stefania

Kila asubuhi ya likizo ya baridi, kazi yangu kwa bibi Stefania ilikuwa kushuka stoo ya chini kuleta chupa ya achari ya matango. Asubuhi hiyo nilisita mlangoni. Theluji ilikuwa imefika dirishani, na mti ulikuwa umeanguka ukakata waya wa mtandao. Simu nazo hazishiki mtandao huku bondeni. Kijiji kizima, huku kwenye milima ya Bieszczady, kilikuwa kimya, kama darasa linalosubiri kusomewa matokeo.

Mdogo wangu Ziemek, wa miaka minane, alikuwa kitandani, mguu umefungwa plasta. Furaha yake pekee ilikuwa mchezo wa mazimwi, na kompyuta mpya tuliyokuja nayo haikuwa nao bado.

"Dada Kalina, uweke basi."

Nikafungua programu ya duka la michezo, ile inayokushushia kila kitu. Kiduara kikazunguka. Kikazidi kuzunguka.

Kabla ya kwenda kazini Norwei, baba alikuwa ameshusha faili zima la kusakinishia mchezo, lisilohitaji mtandao, akaliweka kwenye diski. "Programu ya duka si lazima," alisema. "Faili hili ndilo lako." Nilimcheka: anatunza michezo kama bibi na matango yake. Siku ya kufunga mizigo nikalifuta, nipate nafasi ya filamu zangu kumi na nne.

"Diski imekufa," nikamwambia Ziemek. "Ni baridi."

Akavuta blanketi hadi kidevuni. "Ni mimi. Niliangusha mkoba wenye diski tuliposhuka basini. Usimwambie baba."

Alikataa kifungua kinywa. Akakataa hata mkate wenye asali. Bibi akanitazama juu ya miwani yake. "Mcheshi wetu leo hana mzaha?"

Nikasema yote, Ziemek akisikia. Akanirushia mto ukanipata usoni; kilichovunjika ni mguu, si shabaha.

"Shuka stoo," bibi akasema. "Rafu ya mwisho, nyuma ya jamu ya plamu."

Nikakuta chupa isiyo na achari. Ndani mlikuwa na flashi, na nje karatasi yenye mwandiko wa bibi: Mazimwi, mwaka jana.

"Baba yenu aliniachia hii, akasema ni akiba," bibi akaeleza. "Nikaiweka na akiba."

Kabla ya mchana zimwi lilikuwa linanguruma kitandani kwa Ziemek.

"Dukani nenda, mjukuu wangu, ni pazuri," bibi akasema. "Ila njia ikifungwa, utakula ulichohifadhi. Uongo tu ndio hauhifadhiki. Huoza siku hiyohiyo, na anayeumwa tumbo ni mwingine."

Kisha akanionyesha chupa thelathini tupu, na sabuni.