Boti Ilirudi Bila Liliane

"Ekal, Liliane iko wapi? Simu yake imekufa tangu asubuhi!"

"Yuko hapa kwangu, Clotilde, anapakia vyombo. Kuna nini?"

"Bamebandika majina! Jina yake na ya mama yake iko ubaoni. Intavyuu ni Alhamisi, saa mbili asubuhi. Umwambie arudi leo leo, unasikia? Wanataka watu wazima wote wa faili. Mmoja akikosa, faili yote inawekwa kando."

"Nimesikia. Nitamwambia."

"Usisahau, Ekal!"

"Kitu kama hicho nitasahauje?"

Na kweli hakusahau. Hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo, jamani. Mtu akisahau tunamlaumu kidogo, halafu tunamhurumia. Ekal alikumbuka kila neno, akaiweka simu mfukoni, akaendelea kufunga kamba kwenye Landkruza.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa tisa, mwaka 2012, na jua la Lodwar lilikuwa limeshaanza kuchoma mabati. Clotilde alikuwa jirani yake Liliane kambini Kakuma. Na Liliane, mpishi wa Kikongo aliyeufanya moyo wa Ekal udunde kwa miaka miwili, alikuwa ameishi kambini miaka sita na mama yake, wakingoja siku moja tu: siku majina yao yatakapobandikwa ubaoni, waitwe kuhojiwa, wapelekwe Kanada kwa Déo, kaka yake mkubwa. Siku yenyewe ndiyo hiyo imefika. Imefikia kwenye simu ya Ekal.

Liliane alitokea jikoni amebeba sufuria mbili, kitenge kimefungwa kiunoni.

"Nani huyo alikuwa anakupigia makelele?"

"Mteja," Ekal akasema. "Anauliza kama kisiwani kuna mamba."

"Mwambie mamba wako, lakini hawajaalikwa."

Akacheka, akapanda gari. Ekal naye akacheka. Uongo wa kwanza huwa mwepesi hivyo.

Sasa mtauliza, kisiwani kunani? Ngoja niwaambie. Mwaka ule mafuta yalikuwa yamepatikana Turkana, na kila mwenye tai alitaka kufanya mkutano Lodwar. Hoteli zilijaa, kumbi zikajaa, watu wakafanyia semina makanisani. Ekal, ambaye kazi yake ilikuwa kuandaa mikutano na sherehe, akapata wazo. Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa inajiandaa kupeleka wakubwa wake Zanzibar wakapange mambo ya biashara huku wanapigwa na upepo wa bahari. Ekal akampigia mkurugenzi wao, Bwana Wainaina.

"Bwana Wainaina, Zanzibar mnafuata nini? Biashara mnayotaka iko Turkana. Na kisiwa tunacho, katikati ya ziwa, na ndani yake kuna vijiziwa vitatu vingine. Zanzibar wanavyo hivyo?"

Wainaina akacheka, akakubali. Wageni thelathini, siku tatu. Ulikuwa mkutano mkubwa kuliko yote aliyowahi kushika, na mpishi alikuwa mmoja tu. Ekal mwenyewe ndiye aliyehangaika ofisini mpaka Liliane akapewa kibali cha kutoka kambini.

Njiani kwenda Kalokol, ambako boti zilikuwa zinawangoja, alijiambia: Nikimrudisha sasa, nani atapika? Nitamwambia tukishavuka. Hizo zilikuwa sababu za mdomoni. Ya moyoni alikuwa anaijua: aliogopa ndege. Aliogopa kwamba Liliane akiketi mbele ya meza ile Alhamisi, basi ameondoka.

Walivuka. Hakumwambia.

Jumatano asubuhi maturubai yalikuwa yanapigwapigwa na upepo, wageni wanakunywa chai wakipiga picha za ziwa. Akuwam, mwenye boti, alikuwa anajiandaa kurudi Kalokol kuchukua barafu na maji. Hiyo ndiyo ilikuwa boti ya mwisho ya kumwahisha mtu Kakuma kabla ya Alhamisi. Mtu akiipanda saa mbili, adhuhuri yuko Lodwar, jioni yuko Kakuma. Asipoipanda, basi tena.

Liliane alimletea Ekal sahani ya samaki, akaketi karibu naye kwenye jiwe.

"Mbona huli? Tangu jana uko umenuna."

"Ni mkutano tu. Kichwa kimejaa."

"Mama ananiuliza kila siku: huyu Mturkana wako atakuoa, ama anapenda bugali yako tu?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia anapenda bugali."

Ekal akacheka bila kutaka. Liliane akamtazama kwa macho yasiyo na mzaha.

"Lakini kweli, Ekal. Wazee wako watamkubali mtu wa kambi?"

"Wameshakubali. Baba shida yake ni moja. Anauliza ng'ombe wa mahari atawaswaga vipi mpaka kwenu Bukavu."

Liliane alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Ekal alimwangalia. Sasa, akajiambia. Mwambie sasa. Neno moja tu. Akafungua mdomo.

"Liliane, sikiliza, jana..."

"Ekal!" Jeptoo, msimamizi wa ratiba aliyetoka na wageni Nairobi, alikuwa anapunga mikono. "Jenereta imezima! Projekta haiwaki!"

Ekal aliinuka mbio. Na nisiwafiche, alifurahi kuitwa. Alipomaliza na jenereta akamkuta Akuwam ndani ya maji hadi magotini, ameshika boti.

"Ejok, bwana," akamsalimia kwa Kiturkana. "Mimi naenda. Kuna mtu ya kurudi?"

Ekal aligeuka. Liliane alikuwa anapara samaki magamba, anawaimbia wasichana wa kuosha vyombo wimbo wa kwaya.

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, Akuwam. Nenda."

Boti ikaenda. Ekal aliisikia injini yake hadi ilipopotea, na bado angeweza kupiga mbinja, kupunga shati, kufanya chochote. Alisimama tu.

Mkutano ulifana, hilo hatuwezi kumnyima. Wageni walipanda mlima wa kisiwa, wakajadiliana chini ya maturubai, wakala samaki wa mchuzi wa karanga wakalamba vidole. Wainaina akamshika Ekal bega mbele ya watu wote.

"Mwaka ujao tunarudi hapa hapa. Na mpishi huyu usimwache aende popote!"

"Haendi popote," Ekal akajibu.

Wageni wakapiga makofi.

Alhamisi, saa mbili kamili asubuhi, Ekal alitazama saa yake. Liliane alikuwa anakaanga mandazi.

Ijumaa alasiri Landkruza iliingia Kakuma, ikasimama karibu na nyumba ya kina Liliane. Clotilde alikuja mbio, miguu peku.

"Liliane! Weye ulikuwa wapi?"

"Kazini, si nilikuambia? Kuna nini? Mama ni mgonjwa?"

Mama yake alikuwa ameketi mlangoni. Hakuinuka.

"Waliita majina yetu," mama akasema polepole. "Nikawaambia mtoto wangu yuko njiani. Wakangoja. Wakaita tena. Nikasema yuko njiani. Mara ya tatu yule mama wa ofisi akanihurumia, akaniambia, mama, nenda nyumbani."

"Majina gani? Mama, majina ya nini?"

"Ya intavyuu!" Clotilde akapaza sauti. "Faili imewekwa kando! Nani ajuaye ni mwaka ama miwili! Na mimi nilipiga simu Jumanne, nikamwambia Ekal kila kitu!"

Ekal alikuwa ameshika sufuria, hajui aiweke wapi.

"Ekal," Liliane akasema. "Clotilde alikupigia?"

Ekal aliihamisha sufuria mkono mwingine.

"Ekal. Nakuuliza."

"Alinipigia."

"Ni ile simu ya mteja?"

"Ndiyo hiyo."

"Akuwam alipokuwa anarudi na boti, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tukila samaki pale kwenye jiwe, nacheka kama mjinga, ulikuwa unajua?"

"Liliane, nilitaka kukuambia. Mkutano ule..."

"Usiniambie mkutano."

"Basi niliogopa! Niliogopa utaondoka! Nifanyeje? Nakupenda!"

"Unanipenda." Akatikisa kichwa. "Miaka sita mama yangu anaingoja siku moja, Ekal. Siku hiyo mimi nilikuwa nawakaangia wageni wako mandazi."

Hakumtukana, na Ekal angeshukuru kama angemtukana. Alimpokonya sufuria ile, akaingia ndani, akarudisha pazia.

Zikaanza meseji. "Liliane nisamehe." Kimya. "Liliane pokea simu hata mara moja." Kimya. Siku ya tano Ekal akaandika: "Kesho naenda ofisini mwenyewe kuwaambia kosa ni langu."

Jibu likaja papo hapo: "Usiende. Watauliza wewe ni nani kwangu. Nitasema nini?"

Alisoma maneno hayo ameegemea gari lake katikati ya Lodwar, watu wanampita wanamsalimia, haoni mtu.

Wiki tatu baadaye simu ikaita. Ni yeye! Ekal alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Liliane! Mpenzi wangu..."

"Sikupigii kwa mapenzi. Ofisi wanataka kujua kwa nini sikufika. Andika barua. Andika kwamba uliambiwa, na ukanificha, na boti ulikuwa nayo. Weka jina lako na sahihi yako."

"Nitaandika. Halafu?"

"Halafu mpe Clotilde."

Aliandika. Karatasi nne alizichana, kwa sababu kila mara mkono wake ulikuwa unatafuta visingizio. Ya tano ilikuwa na mistari sita tu, na yote ilikuwa kweli. Barua ile ilisaidia. Mwezi wa pili, 2013, faili ilifunguliwa, wakahojiwa. Siku zile Turkana nzima ilikuwa kwenye kampeni za ugavana, na Ekal alikuwa na mikutano hadi pomoni. Wainaina naye alipiga.

"Ekal! Tunarudi kisiwani. Na mpishi ni yule yule, siyo?"

"Hayupo, Bwana Wainaina. Mtafute mtu mwingine wa kuwapeleka. Mimi kisiwa nimeacha."

Mwezi wa nane Clotilde akamtumia meseji: "Banaondoka kesho. Ukitaka kuaga, fika asubuhi."

Alifika. Watu walikuwa wamejaa pale basi la kwenda uwanja wa ndege linapopakia, wanalia, wanakumbatiana, wanapeana namba za simu. Liliane alikuwa upande wa pili anakagua mizigo. Mama yake ndiye aliyemwona kwanza.

"Ejok, mwanangu."

Salamu hiyo ya Kiturkana, mdomoni mwa mama yule, ilimkata maini.

"Ejok, Mama. Mama, sina uso wa kukutazama nao, lakini nisamehe."

"Nilishakusamehe. Mimi nitamwona Déo kabla sijafa, nimkasirikie nani?" Akamtazama sana. "Kwani Liliane hajakuambia?"

"Kuniambia nini, Mama?"

"Ile Alhamisi." Mama akashusha sauti. "Alikuwa anaingoja siku hiyo awaombe wafute jina lake kwenye faili. Mimi niende kwa Déo, yeye abaki hapa, aolewe nawe. Tuligombana mwezi mzima, mimi na yeye. Nililia. Mwisho nikakubali. Nikasema, basi, yule Mturkana anampenda."

Ekal alimtafuta Liliane kwa macho.

"Sasa... kwa nini anaenda?"

"Muulize mwenyewe."

Alikata katikati ya watu bila kuomba njia. Liliane alimwona, akasimama wima. Alikuwa amekonda kidogo.

"Liliane, ulikuwa ubaki?"

"Mama hawezi kuficha kitu, eeh."

"Ulikuwa ubaki na mimi? Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka kwanza nimalize na ofisi, ndiyo nikuambie jambo lililokwisha. Nilidhani tuna muda. Na wewe, Ekal, kwa nini hukuniambia?"

Mtu wa kusimama mbele ya wageni thelathini akawachekesha, sasa alishika tu ukingo wa begi la Liliane.

"Bado unaweza kubaki," akasema, machozi yanamtoka waziwazi. "Waambie sasa. Waambie wafute jina."

"Faili ilifunguliwa kwa sharti tuende wote. Nikitoka mimi, mama naye anabaki. Safari moja ameikosa kwa sababu yangu. Ya pili hataikosa."

"Haikuwa sababu yako. Ilikuwa yangu."

"Yako, yangu, mama ndiye alirudi nyumbani peke yake."

Mtu wa orodha alianza kuita majina. Liliane akachukua mfuko wake mdogo.

"Ningekuambia Jumanne ile," Ekal akasema haraka, "ungefanyaje?"

"Ningepanda gari pale pale Lodwar. Alhamisi ningefuta jina langu. Jumapili ningekwenda na wewe kwa baba yako, tuulizane habari ya ng'ombe."

"Na mkutano?"

Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alimtazama Ekal kwa huruma, na huruma hiyo ilimuuma kuliko kitu chochote.

"Wageni wangekula mkate siku tatu, Ekal. Hawangekufa."

Akapanda basi, akaketi kando ya mama yake, akamshika mkono.