Mzinga wa Marehemu Placide

Tarehe 19 Julai 1956, jua likizama, Isidore alitoka nyuma ya nyumba yake mjini Baraka, akiwa na kisu, sufuria na kinga cha moto. Aliyemwona ni jirani yake Constance, aliyekuwa akianua ndagala, dagaa wa ziwani.

"Eh, bwana wa nyuki!" alimwita. "Unaenda kuvuna nini? Si bamekuchoka, bamekimbia bote?"

"Kuko benye bamebakia."

Constance aliacha kucheka. Alijua ni wapi.

Isidore alikuwa mpimaji wa pamba. Nyuki aliwafuga kwa kupenda tu, kwenye mizinga minne ukingoni mwa shamba lake la muhogo. Mitatu aliichonga mwenyewe. Kiangazi kile maua yalikauka, ikahamwa. Wa nne ulikuwa wa kaka yake Placide, aliyezikwa mwezi wa pili. Huo ulikuwa bado unavuma.

Ndani ya nyumba alikuwa amelala mkewe, Georgette. Mimba ilitoka mwezi wa tano, na tangu hapo tumbo lake lilikataa kila kitu. Lilikataa bugali, mchuzi, hata dawa ya dispanseri. Lilipokea asali tu, kwa maji ya uvuguvugu. Chupa ya mwisho iliisha Jumatatu. Leo ilikuwa Alhamisi. Asubuhi Isidore alimbeba mpaka ghalani kabla watu hawajafika, akamkalisha kwenye mizani ya pamba.

Kilo thelathini na moja.

Asali aliitafuta kila mahali. Nyirakamana, mwanamke wa milimani Bibokoboko anayeshuka kuuza siagi, alimwambia hata kule juu hakuna tone.

Kwao mzinga una mwenyewe. Anayetaka kuufungua hugonga mara mbili kwa vifundo vya vidole, akataja jina lake, ili nyuki wajue ni nani anayeomba. Mwenyewe akifa, hakuna anayegonga mpaka matanga yaishe. Siku hiyo mjomba hugonga yeye, akamtaja mrithi. Kabla ya hapo, asali iliyomo ni chakula cha marehemu.

Mjomba wao, Mutambo, alikuwa Lulimba akichimba dhahabu. Barua tatu zilikwenda. Jibu lililetwa jana na binamu yao, Jacques.

"Anasema atakuya mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane Georgette atakuwa chini ya udongo."

"Ndugu yangu, omba Mungu. Lakini usigonge ile muzinga. We si mwenyewe."

Isidore alifika kwenye mzinga wa Placide. Alipuliza moshi. Aligonga mara mbili.

"Mi Isidore."

Mzinga ulinguruma. Nyuki walitoka kama maji. Watatu walimpata mdomoni, akarudi nyuma mbio mpaka mlangoni pa nyumba. Kutoka ndani alisikia sauti ya Georgette, nyembamba.

"Isidore... maji..."

Maji angeyatapika.

Kwenye msumari lilikuwa limening'inia koti jeusi la Placide. Lilikuwa likingoja matanga, halijaguswa tangu mazishi. Isidore alilitazama. Kisha alilivaa, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akarudi shambani.

Aligonga mara mbili.

"Mi Placide."

Kimya.

Hakuna nyuki aliyetoka. Palinuka udongo mbichi, udongo uliochimbuliwa sasa hivi, na mvua haikuwa imenyesha wiki saba. Isidore aliingiza mkono bila moshi. Masega yalikuwa na joto, joto la tumbo la mtu. Nyuki walitembea juu ya vidole vyake polepole, bila kuuma.

Alikata sega la kwanza. La pili. La tatu...

Ndipo kitu kikagonga, mara mbili.

Kilikuwa ndani ya mzinga.

Alikimbia na sufuria.

Georgette alimeza vijiko vitatu. Isidore alishika beseni, akangoja. Hakutapika. Aliomba tena. Baada ya kitambo alikaa kitako, akaomba bugali, akala tonge tano akilamba vidole. Isidore alilia, akajifuta kwa mkono wa koti.

Georgette alimtazama.

"Asante, shemeji," alisema. "Isidore iko wapi?"

"Ni mi, Georgette."

"Shemeji Placide, wacha muchezo. Bwana yangu iko wapi?"

Isidore alitaka kulivua koti. Vifungo vilikuwa vimeshikana kwa nta. Alivuta kwa nguvu. Havikuachia.

Mlango uligongwa. Mara mbili, kwa vifundo vya vidole.

"Nani?" aliuliza Georgette.

"Mi Isidore."

Sauti ilikuwa ya Isidore mwenyewe. Hata uzito wa mdomo uliovimba ulikuwamo.

"Usifungue," alinong'ona Isidore. "Georgette, tafazali. Usifungue."

Lakini Georgette alikwisha shuka kitandani. Kwa wiki tisa hakuwa amesimama peke yake. Sasa alitembea hatua sita, akafungua. Isidore hakuona mtu. Aliona mkewe akisogea pembeni, kama anayempisha mtu mlangoni. Harufu ya udongo mbichi iliingia ndani.

"Umechelewa, we mwanaume," Georgette aliuambia upepo, na akacheka.

Isidore alifumbua kinywa alitaje jina lake.

Hakulitaja. Kama yeye ndiye Isidore, basi asali ile iliibwa, na mwizi hurudisha. Ilikuwa ndani ya tumbo la Georgette. Aliitazama miguu ya mkewe, myembamba kama fito, iliyosimama bila kutetemeka.

"Mi natoka, shemeji," alisema. "Lala muzuri."

"Na we, yaya Placide," ilijibu sauti yake mwenyewe kutoka kitandani, ikimwita kaka.

Alikwenda shambani. Nyuma yake mlango ulifungwa kwa komeo.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, Constance alimkuta Isidore chini ya mzinga, amekufa. Koti lilikuwa limefungwa mpaka shingoni. Mwili ulikuwa na alama tatu za nyuki, zote mdomoni. Jacques alifungua mzinga. Haukuwa na nyuki, sega wala nta. Mbao za ndani zilikuwa kavu.

Walimbeba mpaka nyumbani. Georgette alikuwa akipepeta unga.

"Masikini, shemeji Placide," alisema. "Si tulimuzika mwezi wa pili?"

"Georgette, huyu ni bwana yako."

"Bwana yangu iko ndani. Analala."

Jacques aliingia. Chumbani hapakuwa na mtu. Godoro lilikuwa na mabonde mawili ya watu waliolala. Aliyapapasa. Yote mawili yalikuwa na joto.

Mutambo alifika tarehe 4 Agosti, akamaliza matanga ya ndugu wawili kwa siku moja. Aligonga mzinga, akangoja, akasema hakuna cha kurithisha.

Jumatatu, tarehe 6 Agosti, Georgette alitembea kwa miguu hadi dispanseri. Alipimwa. Alikuwa na kilo thelathini na tisa. Muuguzi alimuuliza anakula nini.

"Asali. Bwana yangu analeta kila magaribi."

Sufuria aliyoishika ilikuwa imejaa asali.